Mpasheni wa Tangi la Kerrigan

Mtaa wa Sadler, Na. 9,
Mount Ferris,
Queensland.

11 Agosti 2019

Mpendwa dada yangu Noelene,

Mke wangu Merle ameniketisha mezani na kuniambia nisiandike neno la reli kabla sijakujulia hali. Basi natii. Hujambo, binti wa mjomba? Goti lako limepona? Trevor na kifua chake wanaendeleaje, na baridi ya huko Albany imelegea au bado inawatafuna? Tumesikia Janine amejifungua mtoto wa kike. Mungu amkuze, na asirithi pua ya ukoo wetu.

Sisi tupo. Merle ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Mimi mikono hutetemeka kidogo asubuhi, lakini ikishashika kazi hutulia kama ya kijana. Daktari alinitazama akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Kijana, lete sindano na uzi tushindane kutunga." Hakuleta. Mvua hakuna. Ng'ombe wa jirani wameanza kula uzio.

Nimekwisha kusalimu. Sasa Noelene, nina shida, na katika dunia hii nzima sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Siku ile nilipokupigia simu ulinikatia. Sikulaumu, nilianza na kelele kama kawaida yangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ingawa unajua shule niliiacha mapema na kalamu kwangu ni nzito kuliko nyundo ya kupigia misumari ya reli. Barua unaweza kuichoma, lakini utakuwa umeisoma kwanza. Nakujua.

Jambo lenyewe ni hili. Hapa mjini tuna chama cha wazee wanaojenga reli ndogo. Tumepewa ghala nyuma ya kanisa, na humo kuna meza ndefu. Juu yake tumeijenga ile njia yetu yote ya zamani, kutoka Mount Ferris hadi Kerrigan tulikokulia wewe na mimi. Nyumba ni ndogo kuliko kiberiti. Injini inakaa kiganjani na inakwenda kweli. Mwezi ujao meza inahamishiwa ukumbi wa mji ili watu waje kuitazama. Unajua Kerrigan yenyewe sasa ni malisho, reli waling'oa, hata mawe ya daraja watu walibeba. Stesheni ya Kerrigan iliyobaki ni hiyo ya mezani tu.

Wenzangu hujenga injini na mabehewa. Mimi najenga majani. Cheka ukimaliza. Katika Queensland nzima hakuna mtu anayeweza kutambaza mmea ukutani kama mimi, na wanaokuja kutoka Brisbane wanasema hivyo, sijisifu. Nafumua kamba ya katani hadi inakuwa nyembamba kama nywele, naichovya kwenye gundi iliyotiwa maji, naisokota kwa vidole na kuianika kwenye kamba ya nguo. Majani makavu nayasaga kwenye mashine ya kahawa ya Merle, nayachekecha kwa soksi yake ndefu, kisha napuliza ile dawa ya nywele na kuyanyunyiza yashike. Juu nayatia kijani kibichi, chini rangi ya chai, maana mmea huzeeka kuanzia miguuni. Merle anasema tangu nianze kazi hii kahawa yake ina ladha ya shamba.

Kazi yangu kubwa kuliko zote ilikuwa tangi la maji la Kerrigan. Unalikumbuka, lile la chuma juu ya miguu ya mbao, lililonywesha injini. Niliupandisha mpasheni kutoka ardhini mpaka ukingo wa juu. Matunda nilitumia zile mbegu nyeusi wanazonyunyiza juu ya mkate. Nilizibandika moja moja. Des Fogarty, mtu wa injini, alipita akasema, "Clarrie, ukiachwa wiki moja utaotesha majani mpaka kwenye masikio ya dereva." Lakini alirudi kutazama mara ya pili, nilimwona.

Sasa chama kina sheria. Meza yetu ni ya Agosti mwaka 1959, na hakiwekwi kitu ambacho mwezi huo hakikuwepo. Watu wazima wamenuniana mwaka mzima kwa sababu ya rangi ya behewa la maziwa. Mwenyekiti ni Graeme Pascoe, daktari wa meno mstaafu, mtu mpole wa kuudhi. Akaja na picha. Tangi la Kerrigan, tupu kabisa, halina hata jani. Nyuma imeandikwa Agosti 1959.

Nikamwambia, "Picha haijui mwaka. Anayejua ni aliyeandika nyuma, na sisi hatujui aliandika lini."

Akasema, "Mzee Clarrie, nyapara wa Kerrigan alikuwa nani?"

"Ambrose Keogh. Mjomba wangu. Nilikuwa kwenye genge lake la vibarua wa reli."

"Huyo huyo aliyekuwa akishinda zawadi ya kipande kisafi cha reli. Sasa niambie, nyapara wa namna hiyo aache mpasheni upande tangi la serikali? Uozeshe mbao, umwage majani kwenye maji ya injini? Wewe ndiye unayemtukana mjomba wako, si mimi."

Wakacheka. Jibu nililokuwa nalo, Noelene, si la kumwambia daktari wa meno mbele ya watu.

Ndilo nililotaka kukuambia kwenye simu ukanijibu, "Baba yangu hakuacha hata jani moja kwenye kipande chake," ukakata. Najua unavyolinda jina lake. Lakini sikiliza. Mpasheni ule aliupanda mama yako, Dulcie, karibu na bomba linalovuja, kwa sababu pale palikuwa na maji ya bure. Alipofariki, ulikuwa bado unavaa viatu vya kufungwa na mtu mwingine. Mjomba hakulia mbele ya genge. Tulifyeka kila kitu, tukamwaga sumu ya magugu mpaka kwenye mataruma ya reli, kipande kikawa kama sakafu ya jikoni. Tukifika kwenye tangi nainua panga, yeye anasema, "Hapo pita." Basi. Hakueleza, na hakuna aliyeuliza. Mwaka ule zawadi ilikwenda kwa genge lingine. Mkaguzi alimtolea maneno hadharani, na mjomba akasimama kofia mkononi.

Hiyo kwangu si aibu, dada. Katika maisha yangu yote sijaona mtu mwingine aliyepoteza kitu anachokipenda kwa namna ile bila kunung'unika. Nilitaka watu waione pale mezani hata kama hawajui wanaona nini.

Wakapiga kura. Niliinuliwa mkono na mimi mwenyewe na Des. Jumamosi Graeme aliubandua mpasheni. Alitumia maji ya uvuguvugu na kibano, taratibu, kama anang'oa jino la mtoto, akaulaza ndani ya kopo la biskuti juu ya pamba na kunikabidhi. "Kwa heshima yako, mzee." Afadhali angeukanyaga. Ningekuwa na mtu wa kupigana naye.

Sikuandikii ili ukanitetee kwao. Hilo limekwisha. Shida yangu ni iliyokuja baadaye.

Walipomaliza kubandua nililitazama lile tangi tupu. Noelene, lilikaa sawasawa. Halikunishtua. Nilitazama na moyo wangu ukasema, ndivyo lilivyokuwa. Nikatoka nje haraka kama mtu aliyeibiwa.

Nyumbani Merle akaniuliza, na hakuuliza kwa ubaya, "Clarrie, mpasheni ule uliuona kwa macho yako, au ulimsikia mama yako akisimulia?" Nilimfokea vibaya sana. Kisha nikaketi kwenye ngazi za nyuma, nikajaribu kuuona. Naona kamba ya katani. Naona gundi na vidole vyangu. Majani ninayoyaona ni yale niliyoyasaga mwenyewe. Nikimtafuta mjomba aseme "Hapo pita," anayesema ni mimi, kwa sauti yangu. Nimekaa na mmea ule mdogo muda mrefu mno, na sasa sijui kama chini yake kuna ule mkubwa.

Genge lote limekufa. Bert amekufa, yule Mtaliano amekufa, Snowy alizikwa mwaka juzi. Mimi niliyekuwa nikijivuna kwamba nimebaki peke yangu, sasa naona maana yake. Hakuna wa kumuuliza. Usiku na mchana nalizunguka tangi lile kichwani na sipati pa kushika. Kama mpasheni haukuwepo, basi na hilo la mjomba sijui nilitoa wapi, na miaka yote hii nimekuwa nikimpenda mtu kwa jambo ambalo hakulifanya. Sijawahi kuogopa namna hii, hata siku behewa la kokoto lilipotukimbia mteremkoni.

Msalimie Trevor, na Janine na kichanga chake. Merle anakusalimu na anasema ukija atakupikia kondoo wa oveni na hatatumia mashine yangu ya kahawa, maana sasa anaiita yangu. Des Fogarty naye anakusalimu ingawa hakujui. Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, akupe macho ya kuona mbali na usingizi mnono.

Lakini kabla hujaikunja karatasi hii. Mwaka ule wa 1959 ulikuwa na miaka minane, ulicheza chini ya tangi lile kila siku. Kwa makusudi sijakuambia mmea ulipanda upande gani, na Merle nimemkataza kukuambia akikupigia. Niandikie wewe. Upande jua linakochomoza, au upande wa reli? Neno moja linatosha, usijichoshe. Na kama unachokumbuka ni tangi tupu, andika tupu, nami sitakusumbua tena.

Ila usichelewe, dada. Naomba usichelewe.

Nduguyo anayekupenda na kukungoja,

Clarrie Tierney