Sikungoja Karibu Yao

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba, mama. Hapa Mkolani tu wazima, na mbuzi wako amezaa.

Unauliza utavumilia vipi ofisi isiyokukaribisha. Usivumilie! Nilipoanza kazi kiwanda cha samaki, wenzangu Wasukuma walikula pamoja. Mimi Mhaya nilikula peke yangu, hata "karibu" sikuambiwa. Siku moja nikabeba sufuria nzima ya ndizi, nikaketi katikati yao, nikasema kwa sauti, "Karibuni chakula!" Wakatazamana. Kiwanda walikifanya chao, lakini chakula kilikuwa changu, na chakula ukikaribishwa hukatai, utaonja hata kidogo. Nyamizi, aliyezoea kunipa mgongo, ndiye aliyenawa wa kwanza.

Leo kaingia jikoni kwangu bila hodi, kafunua sufuria mwenyewe. Anakusalimu, mdomo umejaa.

Bibi yako