Dole la Bi Mwanahawa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Barua imekuja. Bahasha ya kaki, jina langu lote juu yake — Wakili Veridiana Prosperi — na mimi mjinga nikadhani ni mwaliko wa semina. Ni Kamati ya Mawakili. Nimelalamikiwa.

Kwamba tarehe 16 Oktoba mwaka jana niligonga muhuri kwenye kiapo cha Bi Mwanahawa wa Isevya, cha kumpa mwanawe nyumba. Nikaandika kwamba ameapa na kuweka dole gumba mbele yangu. Ilhali Bi Mwanahawa alizikwa tarehe 12. Nijibu si zaidi ya tarehe 18 mwezi huu, niambatishe kila nilicho nacho kuhusu jambo hili.

Mlalamikaji ni Tunu, bintiye.

Mazishi yale nilikuwapo. Nilikaa mkekani na akina mama, nikalia mpaka kichwa kikauma. Sasa karatasi yangu mwenyewe inasema siku nne baadaye marehemu alikuja ofisini kuapa.

Martha, karani wangu, ameuliza kuna nini. Nikasema mambo ya chama cha mawakili. Akabinua mdomo. Miaka tisa tuko pamoja, hadanganyiki kirahisi.

Jumanne, 4 Februari

Naandika ilivyokuwa, kabla sijaanza kujidanganya.

Sabiri, kaka yake Tunu, alikuja Jumatatu ya wiki ile ya msiba. Akasema mama miguu imevimba, hawezi kutembea, anakusalimu sana. Nyumba amenipa mimi, dole ameshaweka, bado muhuri wako tu. Nikamwambia nitapita jioni nimwone. Akasema usijisumbue dada wakili, mama analala mapema siku hizi. Nikagonga. Tarehe nikaiacha wazi, ajaze mwenyewe siku atakayokwenda ofisi ya ardhi. Ndivyo tunavyofanya karibu wote hapa mjini. Karatasi ikizidi mwezi tangu tarehe yake mteja anasumbuliwa, basi tunamwachia nafasi. Tunaita kumsaidia mtu.

Jioni sikupita. Kesho yake nilikuwa na shauri la ng'ombe la watu wa Choma kwenye mahakama ya Igunga, na si karibu. Nikajiambia nitakwenda Jumamosi. Jumamosi nikaenda kweli — kuzika.

Nimefungua daftari la muhuri. Siku ile hakuna kitu. Si jina, si saa, si sahihi ya aliyeleta. Kwenye semina ya Mwanza walitusisitizia: usigonge usichokiona, na ulichokiona kiandike hapo hapo. Nilikula sambusa nne na kuitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa mzee Lugembe, aliyenifundisha kazi. Shikamoo, marahaba, chai, kisha barua. Ameisoma mara mbili.

Akanihesabia kwa vidole. Usimpigie mlalamikaji, wala usimtume mtu kumbembeleza. Faili usiliguse, usiongeze hata nukta. Usijibu kwa hasira. Na usichelewe — wengi aliowaona wakianguka waliangushwa na kunyamaza, si na kosa lenyewe. Nikaanza kupumua.

Halafu akageukia dirishani. Akasema wagonjwa huwa tunawafuata nyumbani, hilo si dhambi. Kama ulikwenda kwake jioni ile, ukaona dole likiwekwa, basi kilichobaki ni kosa la tarehe. Utapewa onyo, yataisha.

Nikamwambia sikwenda.

"Nimesema kama," akajibu. "Mwingine aliyekuwamo ndani ni Sabiri, na Sabiri hawezi kukukana."

Nimerudi kwa miguu. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na nafsi yangu, maana kabla sijafika sokoni sentensi nilikuwa nimeshaitunga: Jioni ya tarehe 7 nilifika nyumbani kwa marehemu, nikamkuta amejiegemeza kitandani. Inasomeka vizuri. Hata kitanda nimekiweka.

Ijumaa, 7 Februari

Baba amepiga kutoka Ulyankulu. Mvua imekubali, tumbaku imesimama. Parokiani wamemchagua kwenye kamati ya ujenzi — wamesema achaguliwe baba wa wakili. Alicheka sana. Mimi pia nikacheka. Sikumwambia kitu.

Jumatatu, 10 Februari

Sabiri amekuja bila kuitwa. Amepata habari za barua. Anasema yuko tayari kuapa kwamba nilifika nyumbani. Tukishikana dada wakili, nani atatutenganisha?

Nikamuuliza mama aliweka dole lini. Asubuhi, akasema. Asubuhi ya siku gani? Jumapili. Au Jumamosi, hakumbuki vizuri, alikuwa anamuuguza peke yake. Alisema nini alipokuwa anaweka? Hapo Sabiri akatazama viatu vyake.

Lilibaki swali moja, kama mama alikuwa na fahamu, nikaogopa kuliuliza. Wakili mzima, miaka kumi na moja mahakamani, nikaogopa swali. Nikamwambia aende, nina kazi.

Jumatano, 12 Februari

Tunu amekuja. Mzee Lugembe alisema nisiongee naye — lakini ni yeye aliyekuja, na Martha alishampa kiti.

Amekonda. Hakukaa. "Sikuja kugombana, Veri. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Mama aliweka dole la nini, naye alijua kuandika?"

Bi Mwanahawa alisoma chuoni, madrasa, utotoni. Kiswahili chake chote alikiandika kwa herufi za Kiarabu — barua za harusi, dawa za watoto, majina ya wajukuu na siku walizozaliwa. Kila ofisi walimhesabu hajasoma kwa sababu hakuandika kama wao. Wakimsogezea kidau cha wino kwa ajili ya dole alikisukuma pembeni, akaomba kalamu. Niliyaona haya kwa macho yangu. Nikiwa sekondari nilipanga kwake miaka miwili, nikala kwake, akaniita mwanangu wa Ulyankulu. Kalamu zake nilikuwa nikimnunulia mimi!

Na dole lile lilikuwa mezani kwangu, jeusi, limejaa. Nikaligongea muhuri.

"Nyumba achukue," Tunu akasema. "Mimi nataka kujua kama mama aliitoa, au aliporwa akiwa kitandani. Wewe ndiye umeandika ulimwona. Basi niambie ulimwona."

Hakulia. Angelia ningemshika mkono. Amejifunika ushungi, akaondoka. Huyu tulilala naye kitanda kimoja miaka miwili.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepekua sanduku langu la zamani mpaka nikaipata. Karatasi ya daftari, imegeuka rangi. Bi Mwanahawa aliniandikia kabla ya mtihani wa kidato cha sita — dua, na chini yake sahihi yake. Akaniambia: wewe Mkristo, lakini Mungu ni mmoja, iweke mfukoni. Niliiweka. Nilifaulu.

Kamati wanataka kila nilicho nacho. Hakuna mtu duniani anayejua kwamba ninayo hii. Nikiipeleka, dole alilolileta Sabiri limekwisha. Nami nimekwisha pia, kwa sababu inaonyesha mkono wake niliujua tangu nikiwa msichana. Nisipoipeleka, Tunu atabaki na maneno matupu mbele ya maandishi yangu yenye muhuri.

Nimeishika asubuhi nzima. Namlilia sasa kuliko siku ya mazishi. Siku ile sikujua nimemfanya nini.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya misa nimeandika jibu. Nilidhani litakuwa refu. Ukurasa mmoja haukujaa. Sikumwona. Sikwenda kwake. Tarehe niliiacha wazi. Daftari sikuandika. Marehemu alijua kuandika nami nilijua kwamba anajua. Naambatisha mwandiko wake. Simlaumu mteja kwa kazi iliyokuwa yangu.

Nimemsomea mzee Lugembe kwenye simu. Akasema sasa binti hujaniachia cha kutetea. Ila siku wakikuita nitakuja nikae karibu yako.

Jumatatu, 17 Februari

Saa sita mchana. Martha alikuwa anataka kuipeleka bahasha ya jibu kwenye basi la Dodoma, iende kwa Kamati, mara baba akatokea mlangoni. Hakuniambia anakuja. Shati la kanisani, mfuko wa karanga begani. "Amahoro, mwana wanje," akanisalimu kwa Kirundi chetu: amani, mwanangu. Nimemwamkia, nimemkalisha. Akanywa maji. Kisha akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne.

Ni ya Uwimana, jirani yetu, mjane. Jina la bintiye limekosewa kwenye cheti, shule wanataka kiapo cha mama. Anaumwa mgongo, hawezi kupanda basi. Dole ameshaweka. Nilikuwapo, baba anasema, nimeona kwa macho yangu. Gonga tu nirudi na gari la saa nane.

Na ni kweli. Baba yangu hasemi uongo, hajui hata pa kuanzia.

Nikamwambia siwezi, baba, mpaka nimwone mwenyewe. Akacheka, akadhani natania. Nikarudia. Akaacha kucheka. "Hata mimi huniamini?" Aliuliza polepole, kwa Kirundi, ili Martha asielewe.

Nikasema ngoja kidogo. Nimeingia chumba cha ndani nimefunga mlango, ndimo ninamoandika. Bahasha iko mezani haijagundishwa. Muhuri upo pembeni yake, leo bado ni wangu. Nikitoka nimweleze kwa nini, itabidi nimweleze yote. Namsikia anamwambia Martha asiwe na wasiwasi — huyu nimemlea mwenyewe, mtu mwenye shida hamrudishi mikono mitupu.