Mstari wa Nne Ndani ya Tairi

Jumatatu, 4 Machi

Naandika gundi ikikauka. Siku zote naandika gundi ikikauka – ndiyo nafasi pekee ninayoipata. Daftari hili limejaa alama za vidole vyeusi, mtu akiliokota atadhani ni la polisi.

Asubuhi imeingia gari nyekundu, ya chini mno hadi Kaka amepiga magoti kuichungulia. Ya daktari wa meno. Tairi ya nyuma, kulia, imemeza skrubu. Na tairi yenyewe si ya mchezo! Pana, ubavu mwembamba kama mkanda, na herufi Y ubavuni, maana yake imetengenezwa kuhimili mwendo hadi kilomita mia tatu kwa saa. Mia tatu! Mimi tukifika themanini nashika dashibodi.

Kaka akamwambia Daktari dakika tatu. Achomeke utambi, ule uzi wa mpira wa kuzibia tundu, kwa nje, akate mkia, kwaheri. Mimi nikasema saa moja na nusu. Kaka akanikata jicho, Daktari akatazama saa yake. Basi nikamuuliza:

"Daktari, wewe huziba jino mgonjwa akiwa amefumba mdomo?"

Akacheka. Akakaa kwenye benchi.

Utambi unazuia upepo, sikatai. Lakini nani ameona ndani? Tairi ikitembea imelala, haina upepo, ubavu unajisaga wenyewe kwa ndani, kwa nje huoni kitu. Halafu siku moja, kwenye mwendo, inapasuka. Kwa hiyo nikaivua. Chaki kwanza, penye valvu, ili irudi ilivyokuwa. Vipande vya dumu kuukuu kwenye ukingo wa ringi isikwaruzike – ringi ile inang'aa kuliko kioo cha chumbani kwangu. Nikaingiza taa. Hakuna unga mweusi. Hakuna mchubuko. Tundu katikati ya uso, mbali na bega, milimita nne. Inazibika!

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili, huu mwaka wa pili. Wateja hawajui. Wanasema wamemletea Mzee, Mzee anaitikia kwa kichwa, halafu mimi nafanya. Baba husema siri hiyo haimuumizi mtu. Inaniumiza mimi.

Gundi hiyo, karibu ikauke. Ngoja ninawe mikono.

Baadaye.

Kaka! Nimenawa mikono tu! Narudi namkuta na mpira wa kompresa, anapuliza gundi ikauke haraka, eti Daktari ametazama saa tena. Kompresa yetu inatema maji na mafuta, na yeye ndiye wa kwanza kuilalamikia. Vidoa vimejaa pale pale nilipokwangua dakika kumi nzima. Nikafuta, nikasafisha, nikakwangua upya, nikapaka upya. Yeye anasema gundi ni gundi. Nikamwambia akapulize chai yake.

Mara ya pili sikuondoka. Nikangoja hadi nikaigusa kwa mgongo wa kidole, inanata bila kutoka. Nikavuta uyoga – ndivyo tunavyokiita kile kiraka chenye shina, shina linajaza tundu, kofia inaziba kwa ndani. Nikaubana kwa roda, kile kigurudumu cha kukandamizia, kutoka katikati kwenda nje hadi mkono ukafa ganzi. Ndipo Daktari, kwa raha zake pale benchini, akasema Jumamosi ana mashindano kwenye uwanja wa zamani wa ndege.

Nikamwambia hapana. Barabarani, aiendeshe na mama yake mzazi ndani. Lakini tairi iliyozibwa, hata izibwe na malaika, si ya kusukumwa mpaka mwisho wa mshale. Akanuna. Akasema alileta tairi, hakuja kusikiliza hotuba. Nikairudisha kwenye ringi, nikajaza upepo, nikapaka povu la sabuni – hakuna hata kiputo kimoja – nikaisawazisha, nikaifunga. Akaondoka bila kuaga.  

Jumanne, 5 Machi

Jana sikuandika yote. Hata kwenye daftari langu naogopa!

Hapa kwetu kila kiraka kinawekwa alama ndani ya tairi, kwa kalamu ya nta ya manjano. Mteja haioni. Anaiona fundi mwingine tu, siku atakayoifungua. Babu alikuwa na mistari miwili. Baba alipofuzu, Babu akampa ruhusa aongeze wa tatu. Wa nne bado hajapewa mtu. Kaka anaungoja tangu ana miaka ishirini, kwa kuwa ni mkubwa na ni mwanamume. Mimi nimeziba mwaka wa kumi na moja sasa, naandika mistari mitatu ya Baba, kazi yangu inatembea mjini kwa jina lake.

Jana, kabla sijairudisha tairi kwenye ringi, niliandika kwa herufi kubwa: BARABARANI TU. SI YA MASHINDANO. Kisha mistari mitatu. Kisha mkono ukaongeza wa nne.

Mfupi. Nusu ya wenzake. Lakini upo.

Sikuomba ruhusa. Nina hofu na nina furaha, sijui kipi kinazidi. Ila haitajulikana. Nani atafungua tairi iliyo salama?

Jumatano, 6 Machi

Imejulikana.

Saa nne asubuhi simu ya Kaka inaita. Mikono yake ina grisi, akabonyeza spika kwa kiwiko. Ni fundi mkuu wa ile karakana kubwa ya kuta za vioo, yenye mashine zinazojiendesha na wafanyakazi wenye ovaroli nyeupe. (Nyeupe! Kwenye kazi ya matairi!) Anamtaka Mzee. Anasema Daktari amempelekea tairi aikague na ampe karatasi kwamba inafaa mashindano. Ameifungua. Amesoma.



Akasema karatasi hatoi. Akasema aliyeandika mle ndani ameandika neno ambalo yeye mwenyewe angeliandika, na kwamba katika miaka yake yote hajaona uyoga uliokaa vizuri namna ile kwa kazi ya mkono. Daktari amenunua tairi mbili mpya za Jumamosi. Hii anaiweka kwa safari zake za kawaida. Halafu, wakati mimi nataka kuruka hadi darini, akauliza:

"Mzee, alama yenu naijua, ni mitatu. Huyu wa mistari minne ni nani?"

Kaka akanigeukia. Baba hakugeuka. Kompresa yenyewe ikachagua wakati ule kuzima. Baba akasema atampa jibu siku nyingine, akamtakia kazi njema.

Kaka akatupa tambara sakafuni, akatoka nje. Mchana hakula. Nilimpelekea chakula chake, akasema kama nimeanza kugawa urithi Baba angali hai basi nigawe na hicho chakula. Nililia stoo, nyuma ya matairi makuukuu. Lakini hata nikilia nilikuwa nayasikia yale maneno, kwamba hajaona uyoga uliokaa vizuri namna ile. Nililia huku natabasamu, kama mwehu.

Alhamisi, 7 Machi

Pancha tatu.   Nimeandika mistari mitatu mara tatu, na kila mara mkono umegoma kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Andika polepole, dada. Hii utataka kuisoma ukizeeka.

Baada ya chakula cha mchana Baba akaniita. Akataka nimletee kipande cha tairi kuukuu, nimchoree ndani yake kile nilichomchorea Daktari. Sawasawa, akasema, usibadilishe. Nikachora.  Kaka amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Baba akapitisha kidole juu ya nta. Ile nta ikikauka huinuka kidogo, mtu anaweza kuisoma gizani. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Kidole kikafika kwenye wa nne, kikasimama. Akaupitia tena. Na tena. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mfupi huu, mama," akasema. "Umeuandika kama mtu anayeomba samahani. Uandike mrefu."

Akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake. Kalamu yake, ile aliyopewa na Babu, iliyobaki kama kipande cha mwisho cha mkate. Akaniwekea kiganjani.

Kaka akauliza, na yeye je? Aliuliza kwa upole, hilo ndilo lililonichoma. Baba akamjibu kwamba siku atakayoacha tundu lenyewe limwambie kazi ichukue muda gani, si saa ya mteja, mistari ipo mingi, nta haiishi dukani. Kaka akaenda kuwasha kompresa, ingawa hapakuwa na kazi ya kompresa.

Mimi? Mimi nimeandika mistari minne mirefu kwenye kila kipande cha mpira nilichokuta stoo. Vipande kumi na saba! Mama amenikuta, ameuliza kama nina homa.

Jumamosi, 9 Machi

Ujumbe wa Daktari, neno kwa neno: "Nimemaliza wa pili. Jino halikuuma. Samahani kwa Jumatatu." Wa pili! Nimemsomea Baba mara mbili. Nimemsomea na Kaka, kwa makusudi, karibu na sikio. Akasema wa pili siyo wa kwanza. Lakini amesema! Neno la kwanza kwangu tangu Jumatano.

Jumatatu, 11 Machi

Gundi inakauka, naandika haraka haraka.

Fundi mkuu wa ile karakana ya vioo amekuja mwenyewe, na ovaroli yake nyeupe, na tairi begani. Mteja wake ana gari ya aina ile ile ya Daktari. Amesikia habari, amekataa kuzibiwa na mtu yeyote isipokuwa "wa mistari minne". Fundi mkuu akamsalimia Baba kwa heshima zote, akamwekea tairi miguuni, akasema amemletea kazi.

Baba akaisogeza kwa mguu hadi kwangu.

"Macho yangu yameisha, ndugu yangu," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Fundi ni huyu."

Hivyo tu. Mbele ya wateja watatu waliokuwa benchini! Miaka miwili ya siri, kwa sentensi moja. Fundi mkuu akanitazama, akatazama mikono yangu, akanipa mkono bila kujali ile nyeupe yake.

Nimeivua. Taa ndani. Nimekagua mara mbili kwa sababu watu watano wananitazama, na ya tatu kwa sababu yangu mwenyewe. Safi. Tundu karibu na bega, lakini si begani – nimepima, kuna nafasi ya vidole viwili. Nimekwangua, nimepaka. Sasa wote tunangoja.  Kalamu ya Babu iko nyuma ya sikio langu.

Fundi mkuu ametazama saa. Sasa ananyoosha mkono kwenye mpira wa kompresa, anauliza kama hatuwezi kuiharakisha gundi kidogo –

Kaka amemshika mkono! Taratibu, lakini amemshika.

"Mwache dada afanye kazi yake," amesema. "Haijakauka."

Hajanitazama. Anautazama ukuta. Masikio yake yamekuwa mekundu. Na ule mpira ameuzungushia mkononi mwake mwenyewe, hauachi.

Nimeigusa kwa mgongo wa kidole. Bado kidogo.