Wimbo wa Jerioth Una Mwenyewe

Jumatatu, 2 Machi 2026
CD ya miaka ishirini ya bendi yetu ya Kiairishi imefika leo na posta. Nimeifungua jikoni hapa Pearland, Amerika, hata viatu vya kazi sijavua. Namba saba, "Jerioth". Mtunzi: Traditional. Traditional! Yaani wimbo wa wazee wa kale, hauna mwenyewe. Mtunzi ni mimi, Kathure! Sijafa, niko hapa nasonga ugali!

Mama alizikwa nyumbani Nkubu 2011. Karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado. Ningetoka Amerika, nisingerudi. Nikatunga huo wimbo, nikauimba kwa simu kwenye parking ya hospitali ninakofanya kazi, kaka yangu ameishika simu juu ya kaburi. Hayo ndiyo mazishi niliyohudhuria. Jerioth ni mama yangu!

Jumatano, 4 Machi
Mazoezi ya bendi Irving, karibu na Dallas. Masaa manne barabarani, hasira tupu. Royce — kiongozi wetu, mpiga fidla — kasema eti nisichukie. Eti kwenye muziki wa Kiairishi kuitwa "trad" ni heshima, wimbo umekuwa wa kila mtu. Nikamuuliza, mbona nyimbo zako sita kwenye CD zote zina jina lako? Akaanza kukaza nyuzi za fidla. Nkt!

Majaliwa, Mkongo wetu wa ngoma, kanipa pole dada. Yeye alidhani ni Jerioth wa kwenye Biblia, wimbo wa kanisa la kwetu. Miaka yote hiyo!

Alhamisi, 5 Machi
Ukweli niuandike: sikuwahi kuwaambia. Kwenye bendi tunafundishana nyimbo kwa masikio, wimbo ni wa nani hakuna anayeuliza. Na ningesemaje — kwamba sikumzika mamangu? Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu. Lakini Royce naye hakuuliza! Miaka kumi na tano, hata siku moja!

Jumapili, 8 Machi
Nimempigia Royce baada ya kanisa. CD zimeshachapishwa, kasema, hakuna la kufanya. Sawa. Nimempa sharti moja: Jumamosi kwenye tamasha, kabla ya wimbo, aseme kwenye maiki nani aliutunga, na Jerioth ni nani. La sivyo siimbi. Ameapa.

Whitney binti yangu kauliza, "Mum, and if he forgets?" Akisahau atajua kilichomtoa kanga manyoya.

Jumamosi, 14 Machi
Dallas. Tamasha la Mtakatifu Patrick, watu kibao, wote wamevaa kijani cha Waairishi. Wenzangu wanapiga fidla na filimbi. Mimi niko nyuma ya pazia nangoja zamu yangu, naandikia gotini.

Royce kashika maiki. Anasema sasa ni wimbo wa kale sana kutoka Afrika, aliyeutunga hajulikani.

Hajulikani!

Sitoki. Wallahi sitoki.

Wameanza. Fidla imezunguka mwanzo mara moja, inanisubiri. Mara ya pili. Royce anachungulia huku, anatabasamu lile tabasamu la uongo. Mara ya tatu. Majaliwa ameacha ngoma, amekunja mikono. Asante, ndugu yangu.

Ala! Watu wameanza wenyewe. Kiitikio wanakijua, miaka yote tunawaimbia. Jerioth, Jerioth! Uwanja mzima unamwita mama yangu, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba alikuwa mtu.

Nalia. Ni hasira. Royce anakuja huku na maiki mkononi. Aje.