Theluji ya Kwao Melkiori

Jumapili, 4 Desemba 1983
Sweta nimepata! La kafaulaya, mtumba wa Wazungu, zito, limetoboka kwapani. Krismasi tunaenda Moshi, mimi na Melkiori. Atanitambulisha kwa mama yake, na tumbo hili la miezi mitano. Chumbani kwake Mchafukoge ana kalenda ya misheni: mji wa milimani, mapaa yote meupe pee. Nikamuuliza, kwenu ndivyo? Akasema ndivyo, asubuhi wanakwangua theluji mlangoni kwa jembe ndipo waende misa. Loh! Mimi mtu wa Ndanda, kusini kabisa, niikanyage theluji!

Jumatano, 7 Desemba
Kuku mia na zaidi leo sokoni Kariakoo. Mzee Bakili anachinja, mimi nanyonyoa. Damu mpaka viwikoni. Nikamsimulia theluji, akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Eti Moshi mjini jua kali, barafu iko juu kabisa mlimani na haishuki. Yeye hata Kibaha hajavuka! Nimemnunia siku nzima.

Jumatano, 14 Desemba
Tiketi moja. Moja! Nimeikuta kwenye shati lake nikifua. Nikamuuliza kwa upole — sawa, si kwa upole. Akasema mama yake hataki mwanamke wa kusini, ningoje mwakani. Mwakani mtoto atakuwa anatambaa! Akanizaba kofi. Nikamtwanga na mfuniko wa sufuria, jino lake la mbele likadondokea kwenye maharage. Akanikaba koo. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, ndipo akaniachia. Mdomo umenivimba, hata chai haipiti. Kalenda nimeichana vipande, nimebakiza ile picha.

Jumapili, 18 Desemba
Mahabusu. Severa wa chumba cha jirani kaniletea sweta na daftari, ile picha ndani yake. Melkiori kaondoka jana na basi la alfajiri.
Jana hiyohiyo mgambo waliingia Kariakoo, msako wa vitambulisho vya kazi. Kunyonyoa kuku kwao si kazi. Mzee Bakili akabisha, wakampiga rungu la kichwa, akaangukia matenga ya kuku. Sijui kama yu hai. Nikanyanyua ndoo ya maji ya moto nikammwagia mwenye rungu. Alilia! Sijutii hata kidogo. Wakanivamia wanne. Nikainama nikakumbatia tumbo, mgongo nikawaachia wao. Mtoto bado anacheza.

Jumatatu, 19 Desemba
Uani, foleni. Kila mtu anarudishwa kwao. Karani anauliza kwenu wapi, anaandika, unapanda. Lori la kushoto kusini, la kulia kaskazini. Nitasema Moshi. Sweta nimeshavaa, jasho linanichuruzika, ubavu unachoma nikivuta pumzi. Nitasimama mlangoni kwa mama yake na mdomo huuhuu na tumbo hilihili. Anipokee au anipige, nimezoea.
Karani mwenyewe Mchaga, wa hukohuko Moshi. Mwanamke aliyenitangulia naye kasema Moshi. Karani akaweka kalamu chini, akamwambia: “Haya, nieleze. Krismasi kwenu kukoje?” Kababaika. Kazabwa kofi, kaburutwa kwa kanga yake hadi lori la kushoto.
Mimi sibabaiki. Picha ninayo hapa, ndani ya sweta, nimeiangalia tena. Nitamwambia theluji imefika madirishani, na baba anakwangua mlango kwa jembe ili tuwahi misa.
Ananiita.