Ng'ombe wa Mheshimiwa

Jumatatu, 6 Februari

Itangazwe kwa taifa zima, na nchi jirani zikitaka zisikilize: leo asubuhi ofisi ya Mbunge hapa Kitengela imezindua rasmi birika ya stima. Mzinduzi ni mimi. Utepe haukuwepo. Wananchi waliokuwa kwenye benchi walitazama mpaka ikachemka, mmoja akapiga makofi. Ni mradi wa kwanza wa Mheshimiwa kukamilika tangu uchaguzi.

Naandika "Mheshimiwa" hata humu ndani ambamo hakuna anayesoma. Ni Nashipae, dada yangu mdogo. Nilimfundisha kukamua. Lakini mdomo ukizoea Nashipae utaponyoka mbele ya watu, na ameshanikanya.

Shida za leo: karo, mazishi, karo, silanga. Silanga tena. Bwawa letu la mifugo, lililochimbwa tukiwa watoto, limezungushiwa nguzo za simiti. Waya bado. Hakuna anayejua nguzo ni za nani. Kila mtu anajua ni za nani.

Jumatano, 8 Februari

Amesema.

Tangu aapishwe hajafungua mdomo bungeni ila kupiga miayo, na kamera ilimwona. Leo ametoa hotuba yake ya kwanza. Niliitazama kwa simu, nimeiegemeza kwenye birika. Kule ndani wana adabu moja tu: mbunge akisema mara ya kwanza hakatizwi. Hata wale wa kuzomea walikunja mikono. Ya pili ndiyo watamwonyesha.

Alishukuru Mungu, mama yetu, na wapiga kura, kwa mpangilio huo. Mimi sikutajwa. Halafu akaiacha karatasi niliyomwandikia. Nilijua, maana macho yaliinuka. Akasema watu wake wanafungiwa maji mchana kweupe. Akasema ataleta swali, waziri asimame pale mbele aseme nani amepewa silanga, na nani aliyempa.

Nilijivuna. Kama muda wa kunywa kikombe. Halafu nikaogopa.

Jioni gari la kijivu lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vipuri. Mtu ndani. Hakununua vipuri.

Jumamosi, 11 Februari

Nimefika nyumbani nikakuta ng'ombe.

Vijana wawili walimleta kwa miguu. Walimwambia Yeyo, yaani mama, kwamba ni zawadi ya kumpongeza Mheshimiwa kwa hotuba. Hawakusema imetoka kwa nani, na Yeyo hakuuliza. Kiangazi hiki kimetumaliza. Zizi limebaki na mbuzi na harufu. Ukiletewa ng'ombe wakati kama huu unafungua mlango wa zizi kwanza.

Nilimzunguka. Mtamba, mnene. Mwaka huu ng'ombe mnene ni kitu cha kutisha. Mbavu hazionekani kabisa. Na miguu, mpaka magotini, matope. Matope mabichi. Huku kwetu hakuna tope kutoka hapa mpaka Bisil, isipokuwa mahali pamoja.

Sikumwambia Yeyo. Alikuwa anaimba.

Jumapili, 12 Februari

Mwenye ng'ombe amejitokeza. Hakuna aliyeshtuka.

Mwenyekiti alikuja baada ya kanisa. Kofia, rungu, viatu ambavyo vumbi huviogopa. Sote tunamwita Mwenyekiti. Wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza mpaka mwisho. Anauza ploti. Nguzo za silanga zilishushwa na lori lake.

Hakuingia. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akamsalimu mama: "Takwenya, Pakiteng."

Na Yeyo, bila kufikiri, kama mtu anayepokea kikombe: "Iko, Pakiteng."

Basi. Kwetu ukimpa mtu ng'ombe na akampokea, majina yenu mliyopewa na wazazi yanakufa kati yenu. Mnaitana Pakiteng mpaka mmoja azikwe. Na Pakiteng hamsimamishi Pakiteng mwenzake mbele za watu amwaibishe, wala mtoto wake hafanyi hivyo. Kiapo hakuna. Sahihi hakuna. Chai tu, na hiyo alikunywa.

Aliuliza habari za mguu wa Yeyo. Kisha akanigeukia, akaniuliza polepole: Mheshimiwa akitoka Nairobi hupitia wapi, kwa lami ama kwa ile njia ya nyuma ya Tuala? Nikauliza kwa nini.

"Nataka kuitengeneza, kijana," akasema. "Imeharibika sana. Mtu wetu asije akapata ajali."

Niko na miaka hamsini na moja. Kijana.

Jumanne, 14 Februari

Nimempigia Mheshimiwa, nimemweleza yote.

"Lemaron," akasema, "rudisha hiyo ng'ombe. Leo."

Nikamwambia Yeyo. Yeyo akaniangalia kama nimevua nguo. "Nirudishe ng'ombe ya zawadi? Mtu akifanya hivyo anamtakia mwenzake kaburi. Hiyo laana itaingia kwa nani? Kwa huyo msichana wako wa bunge."

Msichana wangu. Akikosea ni wangu, akishinda ni wake.

Ng'ombe amebaki. Swali nalo limekubaliwa na Karani wa Bunge. Litasomwa Jumatano ijayo, waziri akiwepo. Yaani tuko na vitu viwili ambavyo haviwezi kukaa boma moja.

Alhamisi, 16 Februari

Waya umefika. Umefungwa mistari mitano kuzunguka silanga lote, na geti. Kuna askari wa geti ambaye hasemi amewekwa na nani. Anasema amewekwa. Akina mama waligeuzwa na punda wao, mitungi mitupu.

Hassan wa maji amepita ofisini. Ana lori la maji, hutujazia matangi. Nilitaka kumtania kwamba sasa atajenga ghorofa. Hakucheka. Alikaa na kikombe chake bila kukinywa.

"Ndugu yangu, biashara imekuwa nzuri," akasema. "Nzuri sana. Ndiyo naogopa."

Simu ya ofisi imelia, nikashika, mtu akapumua tu. Nikamwambia ofisi inafungwa saa kumi na moja. Akakata. Heshima anayo.

Gari la kijivu bado lipo. Aliyemo amelala, ama anajifanya.

Jumapili, 19 Februari

Kajiado. Mchango wa paa la kanisa. Hema, viti vya plastiki, maspika ya kutoboa masikio. Mheshimiwa alikuwa mgeni wa heshima. Kisha Mwenyekiti akapewa maiki. Nani alimpa, sikuona, na mimi huwa naona.

Hakutaja silanga. Hakutaja swali. Alisema ana furaha kwa sababu nyumba ya Mheshimiwa na nyumba yake sasa ni moja. "Huyu si mbunge wangu tena," akasema. "Huyu ni Pakiteng."

Vijana walipiga makofi. Wazee hawakupiga. Waliinamisha vichwa kidogo, kama watu waliosomewa hukumu. Wameelewa. Mheshimiwa alicheka kwa meno peke yake.

Jambo lingine. Askari wake wa kumlinda amebadilishwa. Yule wa zamani amepelekwa Magadi, kwenye lile joto, na hakuomba. Mpya ni mtu wa kunyamaza. Nilimpa chai akakataa. Mtu wa kukataa chai simwelewi.

Tukirudi nilipanda gari la Mheshimiwa. Alikuwa akitazama nje, mizoga ya kando ya barabara. Halafu akaniuliza ningekuwa yeye ningefanya nini.

Nikasema ningeuliza swali.

"Ni rahisi kwako," akasema. "Wewe hakuna mtu anakuita kitu."

Iliniuma. Ni kweli, ndiyo maana.

Jumatatu, 20 Februari

Ng'ombe anakula vizuri. Mimi sili.

Jumanne, 21 Februari

Watu wamejaa ofisini kutwa. Habari ya swali imezunguka hadi kwa wachungaji. Mzee mmoja ametoka mbali kwa miguu kuuliza kama waziri atasema kwa Kiswahili. Nimewaahidi televisheni. Nimeazima ya jirani, kubwa, ya kufunika dirisha.

Nimesoma tena Kanuni za Kudumu za Bunge. Hakuna aliyenituma, mtu mwingine husoma Zaburi. Nimeona kwamba mbunge asipokuwepo jina lake likiitwa, swali linaanguka. Haliahirishwi. Linaanguka, kama embe. Nikamtumia ujumbe: usichelewe.

Akajibu kwamba leo atalala Nairobi. Njia si nzuri. Hakusema njia gani.

Baadaye ujumbe mwingine: kesho nisitoke ofisini, nisimwache Yeyo nyumbani peke yake, nimlete.

Nimeusoma mara nyingi. Ni maneno machache. Hayapungui kutisha.

Jumatano, 22 Februari

Yeyo alikaa mbele kabisa, na shanga zake za sherehe. Benchi zimejaa, wengine dirishani. Swali letu lilikuwa la tatu. La kwanza lilihusu barabara. La pili lilihusu barabara. Waziri alijibu kama mtu anayesoma menyu.

Spika akaita jina la Mheshimiwa. Kamera ikaenda kwenye kiti.

Kiti.

Spika akaita tena. Akatazama juu ya miwani. Akasema Mheshimiwa hayupo, swali limeanguka, tuendelee. Waziri akanywa maji. Glasi nzima, tukimtazama.

Niligundua gari la kijivu halipo. Tangu ile hotuba limekuwa pale, na leo, siku ya leo, limeondoka.

Simu yake imezimwa. Ya askari wake mpya inalia tu. Nilimwacha Yeyo na akina mama wakiomba, nikaenda kituo cha polisi. Afisa akauliza nataka kuandikisha nani amepotea. Nikasema Mbunge. Akaweka kalamu chini. Akasema nirudi kesho, kwa sababu wabunge hupotea.

Nikachukua bodaboda mpaka ile njia ya nyuma ya Tuala. Nilimwambia mwendeshaji aende pole, nikawa nachungulia mitaroni, kila kitu cheupe nikidhani ni gari lake. Mfuko wa simiti. Mbuzi. Mfuko tena.

Njia imetengenezwa. Greda limepita, imelala laini kama meza, hakuna hata shimo moja. Hapo ndipo nilipolia. Mwendeshaji akafikiri nimefiwa, akanipunguzia nauli.

Alhamisi, 23 Februari

Hakuna habari. Birika imechemka mpaka ikajizima. Yeyo hajavua zile shanga. Anakaa akitazama ng'ombe, na ng'ombe anamtazama.

Nimefikiria kumchinja. Nikaogopa hata hilo.

Ijumaa, 24 Februari

Amekuja. Mzima. Hata kipele hana.

Jumatano alikuwa kantini ya Bunge. Alikuwa anakunywa chai.

"Nilisikia nikiitwa," akaniambia. "Kuna televisheni huko ndani. Mara mbili niliitwa." Akatazama mikono yake. "Nilikuwa nangoja zamu yangu ipite." Halafu alizima simu, akakaa nyumbani Nairobi, kwa sababu hakujua ataniambia nini. Alitaka Yeyo awe nami ofisini ili habari isimkute peke yake. Ni hivyo tu.

Hakuna aliyemtisha. Hakuna aliyemfuata. Niliuliza yote, moja moja. Askari wa zamani alipelekwa Magadi kwa zamu, wamepelekwa wengi. Huyu mpya hanywi chai kwa sababu ya tumbo. Aliyekuwa akipumua kwa simu, sijui bado. Na gari la kijivu, hatimaye nilivuka barabara nikauliza pale dukani. Liliharibikia pale. Dereva alikuwa akilinda magurudumu yasiibiwe, anangoja kipuri kutoka Mombasa. Kilifika Jumatano.

Nina hasira, lakini sipati pa kuiweka. Ningempata mtaroni ningejua la kufanya. Ningelia, ningeandamana, kaunti nzima ingesimama. Kwa mtu aliyekuwa kantini unafanya nini?

Alikaa na Yeyo kitambo. Waliongea habari za mguu. Yeyo alimkorogea uji, akamkumbusha avae sweta. Alipokuwa akipanda gari, watu wako pale nje, nilimwita Nashipae. Kwa sauti. Hakunikanya.

Mwenyekiti amemtumia Yeyo salamu. Geti la silanga limewekwa kufuli, na wanasema litafunguliwa ploti zikishauzwa, wenye ploti wakipenda.

Hassan alipita na lori jioni. Ng'ombe alikuwa ameanza kulamba ukuta, matope yamemkauka miguuni yakabanduka.

Nimemnunulia maji.