Maganda ya Mgunga kwa Biharusi

Mpendwa mwanangu,

Basi, ile minyaa ya kumlisha mbuzi niliikataa. Mbeleje kaibeba kichwani kutoka kwenye wigo wa shemeji yake, mibichi kabisa, utomvu umemharibia nguo, anajisifu njia nzima, halafu mimi namwambia airudishe alikoitoa. Akanuna. Unamjua jirani yetu akinuna, mdomo unatangulia mlangoni.

Nikwambie kwa nini. Tangu askari wa Mdachi waanze kupita wakichukua mifugo ya kula huko vitani, zizi letu ni tupu. Aliyepona ni Biharusi peke yake, yule mbuzi wa mahari yako uliyempa jina kwa mwendo wake wa maringo. Namficha chumba cha ndani cha tembe. Hatoki kwenda malishoni, anakula ninachomletea mimi, na maziwa yake ndiyo anayokunywa mwanao tangu siku ulipomzaa ukatuacha. Sina kingine cha kumpa. Mtoto alishafika mahali halii tena, anafungua mdomo tu.

Sasa nyasi hakuna, mvua imetunyima. Mbeleje akaniambia mbuzi hachagui, ninayechagua ni mimi, na kwa kuchagua kwangu huko maziwa yatakauka. Maneno hayo yaliniingia, maana kweli nilikuwa nakamua matone. Lakini nikakukumbuka ulipokuwa kasichana unachunga. Kwa uroho wako ulimkamua mbuzi moja kwa moja mdomoni huko porini, ukarudi midomo imevimba. Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ukasema, "Mama, akila minyaa maziwa yanaunguza. Mpe maganda ya mgunga, yanakuwa matamu." Sijui nani alikufundisha. Mbuzi wenyewe, nadhani.

Basi nikaenda kwenye migunga kule korongoni, na ndiko askari walikopiga kambi. Nikaokota kimya, yaani mimi huyu, kimya. Kikapu kilipojaa akanijia askari mmoja, kijana, Kiswahili chake cha pwani.

"Mama, mbuzi umewaficha wapi?"

Mwanangu, nilikikumbatia kile kikapu. Anayebeba maganda ana mbuzi, hilo kila mtu analijua. Nikamwambia mbuzi mlishawala nyinyi, haya tunakula wenyewe. Akaniangalia sana.

"Kula nione."

Nikala. Ganda ni gumu kama ngozi kavu, mbegu zake mawe, na vumbi juu yake. Nikatafuna, nikameza, nikachukua jingine, na jingine tena, huku namsimulia jinsi tunavyoyachemsha na nani anayapika vizuri kuliko nani, uongo mtupu. Machozi yananitoka na bado nasimulia. Akageuza uso pembeni. Akasema nenda, mama, nenda. Labda na yeye ana mama yake mahali.

Tumbo lilinisokota mpaka kesho yake. Biharusi alikula akaramba na sakafu. Maziwa hayakurudi mengi, ila ni mazito, na mwanao akiyanywa analala. Ana paji lako la uso. Nikimpakata namwita kwa jina lako bila kujua, kisha nanyamaza, na mimi unanijua, kunyamaza si kazi yangu. Wanawake wanasema nimesahau msiba upesi, kwa vile nacheka kisimani. Sijasahau. Ningekaa nalia, kikapu angebeba nani? Kimeshaisha tena, asubuhi narudi korongoni. Yule kijana asipokuwepo atakuwepo mwingine, na huyo mwingine pengine hana huruma. Naogopa, lakini nitakwenda. Kama ni kutafuna, nitatafuna.

Nilitaka nikupe na habari za mumeo huko walikompeleka kubeba mizigo, maana yuko mtu kapita jana anasema alimwona, sasa sikiliza

Ngoja. Mbeleje ananiita, anasema nitoke mara moja, mtoto analia mpaka barabarani wanamsikia. Analia kwa sauti, mwanangu. Naenda kukamua.

Mama yako